Mwalimu na Ruta Iliyovaa Kitambaa

Mwalimu hakupenda kitu chochote kikae uchi nyumbani mwake. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni na chake, mtungi wa maji na chake, hata jagi la plastiki ambalo halikuwa limetumika tangu nikiwa darasa la sita. Vyote alivishona kwa kroshia, kwa uzi mweupe, akiwa ameketi verandani huku jicho moja liko barabarani kuona nani anapita na amevaa nini. Mafundi walipokuja kumwekea mtandao, waliweka ile ruta, kile kisanduku cheusi cha kugawa waifai, juu ya kabati la vyombo, wakamwambia isifunikwe kwa sababu hupata joto. Aliwasikiliza kwa adabu, akawapa chai, akawasindikiza mpaka getini. Kufikia Jumapili ruta ilikuwa imevaa. Alikuwa ameiachia matundu mawili, antena zipite.

"Haiwezi kupata joto hapa Kanyakine," aliniambia. "Sisi wenyewe tunatafuta hiyo joto."

Ningeweza kuendelea hivi, nikichekesha, mpaka jioni. Lakini naandika habari za Mwalimu kwa sababu nilimkosea, na nisiposema hapa mapema najijua, nitajaza kurasa za kumsifu mpaka nisahau nilichoanzia. Kwa miezi minane nilisimama kati ya mama na mtoto wake wa pekee. Yeye alikuwa hajui. Mimi nilikuwa najua, na nilikuwa nakunywa chai yake.

Alinifundisha hesabu shule ya msingi. Baadaye nilipooa na kujenga, shamba nililopewa na baba likawa linapakana na lake, ua wa kei-apple, mti ule wa miiba, katikati, na pengo kwenye ua ambalo watu wa nyumba zote mbili walipitia. Sikuwahi kumwita kwa jina. Hakuna aliyemwita kwa jina. Chifu alimwita Mwalimu, kasisi alimwita Mwalimu, na mzee mmoja wa kule juu aliyekuwa amemzidi miaka kumi na kitu naye pia alimwita Mwalimu, akivua kofia. Yeye aliniita Baba Kendi tangu binti yangu azaliwe, kwa heshima kamili, ingawa mtu huyo huyo aliwahi kunisimamisha kwenye dawati siku nzima kwa sababu ya kugawanya kwa sifuri.

Kustaafu hakukumstaafisha. Kalamu nyekundu ilikaa kwenye mkoba pamoja na rozari. Nimemwona akisahihisha programu ya mazishi, mwili ukiwa bado kanisani, halafu akaikunja vizuri na kumpa katibu wa kamati mkononi. Kwenye kikundi cha simu cha jumuiya yetu, mtu akiandika "mkutano ni saa nane bila kukoza," dakika haikuisha kabla ya Mwalimu kumrudishia ujumbe uliosahihishwa. Watu walilalamika chini kwa chini. Lakini mtoto wa mtu akiitwa kwa mahojiano ya kazi Meru mjini, barua ilipitia kwake kwanza, na hapo hakuna aliyelalamika.

Alikuwa mkali kwa mambo madogo na mlegevu kwa makubwa, na sikuwahi kuelewa alipangaje hayo. Sukari alikuwekea yeye, kijiko kimoja, hata uwe nani. Ukitaka cha pili ulitazamwa. Ila ng'ombe wa jirani alipokufa, Mwalimu alimpa yule jirani ndama jike mzima na kumkataza asimtaje kanisani. Enzi zake za ualimu alikuwa na droo iliyojaa simu alizonyang'anya watoto. Alisema simu itatuharibia kizazi. Kijana wake alipomtumia simu ya kioo kikubwa, akawa haachi kuitazama. Aliniambia anaangalia ufugaji wa sungura. Siku moja nikaingia bila hodi nikamkuta anatazama mieleka, amekunja ngumi, analihimiza jitu moja lenye chupi ya buluu. Hakuona haya hata kidogo. "Keti chini," akasema, "huyu anakaribia kupigwa."

Na kulikuwa na hili la kutoomba msamaha. Nikiwa darasa la tano alimchapa msichana mmoja kwa dirisha lililovunjwa, kumbe si yeye. Alipojua, hakusema neno. Kwa wiki nzima alimletea yule msichana ndizi mbivu kutoka kwake, akaziweka juu ya dawati, akageukia ubao. Sisi tulielewa. Yeye mwenyewe nadhani neno samahani lilikuwa halimpiti kooni, na wakati ule tuliliona jambo la kuchekesha.

Sasa nije kwa mtandao.

Kijana wake, Mutuma, ni nesi nchi za mbali, kule wanakoamka sisi tukimaliza kula mchana. Yeye ndiye aliyeleta wazo la waifai, ili kila Jumapili saa kumi waonane na mama yake uso kwa uso. Na Mwalimu, siku ya kwanza tu mtandao ulipoingia, alipita kwenye pengo la ua akiwa na karatasi iliyoandikwa neno la siri, kwa mwandiko wa ubaoni. "Chukua," akasema. "Mimi peke yangu nitaimalizaje? Na wewe kazi yako ni ya kompyuta."

Ni kweli. Mimi kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano ya watu nisiowajua na kuandika wanachosema. Mabosi wako ng'ambo. Wanataka faili zifike kabla Jumatatu yao ianze, kwa hivyo Jumapili yangu ndiyo siku ya kutuma. Kabla ya ruta ya Mwalimu nilikuwa nasimama kwenye kilima cha kahawa nimeinua simu juu nikitafuta netiweki. Kwa hiyo unaelewa nilivyofurahi. Nikamsaidia kupanga mambo. Nikaingia kwenye ukurasa wa ndani wa ruta, ule wa setingi, nikabadilisha neno la siri la kuufungulia huo ukurasa, nikamwambia ni kwa usalama. Sikumpa jipya. Nilimwambia huko ndani si mahali pa kuhangaika.

"Sawa," akasema. "Nakuamini."

Chini ya ruta kulikuwa na kakaratasi kenye namba ya huo ukurasa na neno la siri la kiwandani. Jumamosi moja ya usafi Mwalimu aliipindua ruta akakaona, akadhani ni karatasi ya bei ya duka. Akakasugua kwa sabuni na waya wa sufuria mpaka plastiki ikang'aa. "Mtu anaacha aje karatasi ya duka kwenye kitu chake?" alinionyesha kwa fahari. Nilicheka. Nilijua tayari kwamba sasa mlango wa ruta ile unajulikana na mimi tu, na hilo halikunikosesha raha hata kidogo.

Mwezi wa tatu kazi ilinizidi. Jumapili moja faili zangu zilikuwa zinapanda polepole, na saa kumi ikafika, na nikajua kwa nini zimekwama. Mwalimu alikuwa anaongea na Mutuma, na video inakula mtandao. Niliingia kwenye setingi. Kuna sehemu unaweza kumwekea mtu kikomo, simu yake ipate mtandao kidogo tu. Nikaiweka simu ya Mwalimu hapo. Nikajiambia ni kwa jioni hii moja. Faili zikapaa. Nikalala vizuri. Jumapili iliyofuata nikakumbuka kikomo hakijatolewa, na kazi nayo ilikuwa nyingi, nikakiacha.

Sijui kama mmewahi kuona mtu akijiandaa kuonekana kwenye simu. Kuanzia saa tisa Mwalimu alikuwa amefunga kichwani kitambaa cha kanisani, ameketi mezani, simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari. Mutuma anatokea, anasema "Mum, habari ya—" na hapo anaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mwalimu anangoja. Picha inapotea. Anapiga tena, inaita, inaganda, inapotea. Nilikuwa nayaona haya kupitia dirisha lake nikienda kukata nepia ya ng'ombe, nikajifanya naangalia nyasi.

Mwanzoni alisema ni mawingu. Baadaye akasema ni stima, umeme hauna nguvu. Halafu Jumapili moja ya baridi ya Julai akaniuliza kutoka ng'ambo ya ua, "Baba Kendi, kwako hii mtandao inakata?"

Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Kwangu iko sawa."

Lilikuwa jibu la kweli. Nimeshasema uwongo mwingi maishani, lakini hakuna uwongo ulioumiza kama ule ukweli. Maana Mutuma alikuwa anamwambia, "Mum, mimi sikati, ni network yako," na yeye sasa akawa na ushahidi. Nilimsikia kwa masikio yangu, mlango ukiwa wazi: "Network yangu iko sawa! Baba Kendi anaifanyia kazi mchana kutwa na haijamsumbua hata siku moja. Kama umechoka kuniona, Mutuma, sema. Usinikatie simu mimi kama mtu anayekudai."

Sijui Mutuma alijibu nini, aliganda. Ila wiki ile alimwandikia kwamba hatakuja tena Krismasi, kwamba amechoka kuitwa mwongo, na kwamba mama akitaka kujua ukweli aingie kwenye setingi za ruta aone mwenyewe. Akamtumia hatua moja baada ya nyingine, pamoja na namba ya ukurasa. Halafu akanyamaza. Jumapili moja, mbili, tatu, hakupiga.

Mwalimu alizinakili zile hatua kwenye daftari la kurasa tisini na sita. Kila jioni baada ya kukamua alijaribu. Alikosea makosa ya kila aina. Aliandika ile namba, 192.168.1.1, akaacha nafasi baada ya kila nukta, kama alivyotufundisha sote. Aliiandika mahali pa kutafutia, ikamletea matangazo ya ruta za kuuza. Mutuma alikuwa ameandika "angalia chini ya ruta," akaangalia, akaandika kwenye daftari: chini ni safi. Mwishowe akaniita.

"Angalia kama nimeandika vizuri."

Alikuwa ameandika vizuri kabisa. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukasema haupatikani. Na mimi nikaona sababu mara moja, juu kabisa ya kioo, vile vishale viwili vya data. Kwa vile waifai ilikuwa imemlemea, Mwalimu alikuwa akinunua bando apate angalau ujumbe wa jumuiya, na simu ilikuwa ikipita huko. Ukurasa wa ruta haufunguki mtu akiwa nje ya mtandao wa ruta. Kuzima data ni kugusa mara moja tu. Kidole changu kilikuwa karibu nayo kuliko chake.

"Imekataa," nikasema. "Labda kampuni wameifunga."

Akachukua kalamu. Akaandika tarehe, na mbele yake: imefungwa na kampuni. Mwandiko wake ule wa duara, na uwongo wangu ndani yake, na mstari chini kwa rula. Nikarudi kwangu nikashindwa kula. Mama Kendi akaniuliza kama ni malaria.

Nilitoa kikomo usiku huo huo. Nataka nikubali kwamba hata hapo sikuwa jasiri, nilikuwa mwoga tu wa kukamatwa. Nilifikiri simu zitarudi zenyewe, wataonana vizuri, watacheka, na mimi nitakuwa nimeponyoka. Lakini mtandao ukawa mzima na mtoto hakupiga. Mama naye, yule wa ndizi juu ya dawati, hangepiga. Kila Jumapili alifunga kitambaa, akaegemeza simu kwenye sukari, akakaa mpaka saa kumi na moja, kisha akaenda kukamua. Mwezi wa tisa ukapita hivyo, wa kumi ukapita. Niliacha kupitia kwenye pengo. Nilianza kuzunguka kwa barabara.

Jumamosi moja ya Novemba, mvua imetoka tu kunyesha, nikasikia sauti yake ya gwaride.

"Baba Kendi! Kuja uone! Kuja haraka!"

Nilimkuta mezani, miwani puani, anang'aa kama aliyefaulu mtihani. Kwenye simu yake kulikuwa na ukurasa wa ruta, umefunguka, unadai neno la siri.

"Ilikuwa ni data!" akasema. "Nilizima data tu, hii kitu ikafunguka. Miezi yote hii! Sisi wawili tulikuwa tunaangalia wapi?"

Alisema sisi wawili. Nikasema sijui, Mwalimu.

"Basi weka ile paswadi yako. Nataka kuona ndani."

Akanisukumia simu, halafu akageuza uso ukutani, kwa adabu, nisione haya kuandika. Ruta ni yake, nyumba ni yake, na aligeuza uso. Nikaandika. Ukurasa ukafunguka. Nilijua hakuna cha kuogopa mle, nilikuwa nimeshasafisha.

Aliusoma alivyokuwa akisoma karatasi za mtihani, rula chini ya mstari, mstari mmoja baada ya mwingine. Alisoma simu yake, kompyuta yangu, simu ya Mama Kendi. Akafika kwenye visanduku vilivyo mbele ya kila jina.

"Hapa wanasema limit. Hii ni nini?"

"Ni ya kupunguzia mtu mtandao."

"Na hapa hakuna mtu amepunguziwa."

"Hakuna."

Akateremka mpaka mwisho. Akarudi juu, akasoma tena yote, polepole zaidi. Kisha akaweka rula chini. Furaha ile yote ilikuwa imemtoka, na uso wake ulikuwa umezeeka pale pale mezani.

"Basi iko sawa," akasema. "Haina makosa yoyote."

Nikatazama ruta ndani ya kitambaa chake.

"Baba Kendi, mimi nilikuwa natafuta kosa la mashine. Nilitaka sana iwe ni mashine. Nilikuwa nimepanga nikilipata nimpigie, nimwambie mwanangu, nimeona, haikuwa wewe." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa cha meza. "Sasa nimeona. Mtoto wangu alikuwa ananikatia kweli."

Nilikuwa nimefuta kosa langu, na pale lilipokuwa alimwona Mutuma. Nikasema, "Mwalimu." Nikasema tena, "Mwalimu, ni mimi." Nikamweleza kikomo ni nini, nilikiweka lini, kwa sababu gani, nilikitoa lini. Nikamweleza hata vishale vya data, kwamba niliviona. Nilisema haraka nikiangalia mikono yangu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwa mabati. Akavaa miwani tena.

"Kwa faili," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia. Ningeongea na mtoto saa tatu usiku. Ningeongea saa mbili. Mimi saa kumi ningeifanyia nini?"

Nikaanza kuomba msamaha. Akainua mkono kunizuia. Alichukua simu, akabonyeza, akaiegemeza kwenye bakuli la sukari. Halafu akainuka kwenye kiti chake, akakivuta kidogo, akanionyesha kwa kidole nikalie pale.

"Ni wewe utaongea," akasema. "Mimi nilimwita mtoto wangu mwongo. Nikimpigia mimi, nitaanza kulia na hataelewa. Kaa hapo."

"Mwalimu, pengine yuko kazini."

"Kaa, wewe."

Safari hii hakuniita Baba Kendi. Nikakaa. Simu iliita kwa muda mrefu. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya simu, mahali kamera haifiki, mikono ameishika tumboni. Kisha uso wa Mutuma ukatokea, mkubwa, wazi kabisa, hata ndevu za siku mbili nikaziona, na macho yake yalikuwa yameshaogopa.

"Mum? Mum, kuna nini? Nani huyo? Mum yuko wapi?"

"Mama yako ni mzima," nikasema. "Mutuma, ni mimi niliyekuwa nakata."